Ukurasa wa siku moja ya vita: namna ya kuutengeneza, kwa mfano wa Malindi, 24 Oktoba 1940

Ukurasa wa siku moja ni karatasi ya kubandika ukutani, shuleni, maktabani au barazani, inayokusanya mambo yaliyotokea na watu waliozaliwa katika tarehe moja tu. Wengi huutengeneza kwa jioni moja: wanafungua simu, wananakili mistari ishirini, wanachapisha. Ndiyo maana kurasa hizo hufanana kama pacha, na ndiyo maana huwa na makosa yale yale. Tenga siku nne. Mbili za mwanzo ni za kuhakikisha tarehe, na hizo ndizo watu huziruka.

Vifaa ni vichache: kadi 40 za ukubwa wa kiganja (karatasi ngumu ya A4 ukiigawa sawasawa inatoa kadi nne nzuri), penseli, daftari moja la mahojiano, karatasi ya A3 ya kumalizia, na kalenda ya ukutani ya mwaka 2024. Hii ya mwisho si mzaha. Mwaka 1940 ulianza Jumatatu na ulikuwa na siku 366, sawasawa na 2024, kwa hiyo kalenda ile uliyoisahau nyuma ya mlango inafaa kwa vita. Kanuni ni kuongeza 84: 1939 inatazamwa kwenye 2023, 1941 kwenye 2025, 1945 kwenye 2029. Kwa vita vya kwanza ongeza 112, yaani 1914 inalingana na 2026.

Kuchagua siku

Usianze na siku mashuhuri ya Ulaya ukatafuta pa kuichomeka Malindi. Anza na siku ambayo mji wenyewe uliguswa, kisha uliza dunia nzima ilikuwa inafanya nini. Malindi siku hiyo inajulikana: Alhamisi, 24 Oktoba 1940, ndege za Italia ziliushambulia mji kwa mabomu. Italia ilikuwa imeingia vitani tangu 10 Juni mwaka huo, na Somalia, jirani wa pwani hii upande wa kaskazini, ilikuwa koloni lake. Aliye Lamu anaweza kuichukua hiyo 10 Juni 1940 yenyewe, siku ambayo watu wa ng'ambo ya mpaka walipambazukiwa majirani wakachwewa maadui. Au achukue 14 Februari 1941, Kismayu ilipotwaliwa na majeshi ya Uingereza, askari wa Kiafrika wakiwa wengi ndani yake.

Siku inayofaa ina mambo matatu: tukio moja la kwenu, tukio moja au mawili ya mbali yanayozungumza na lile la kwenu, na watu waliozaliwa ambao tarehe zao zinathibitika. Ikikosa la pili, utapata orodha tu. 24 Oktoba 1940 inalo, tena la kushangaza. Usiku wa kuamkia tarehe 25, kikosi cha ndege za Italia kilichokuwa Ubelgiji kiliruka kwa mara ya kwanza kwenda kuipiga Uingereza, kikilenga Harwich, bandari ya mashariki. Basi ndani ya saa ishirini na nne bendera moja ilidondosha mabomu Malindi na Harwich. Huo ndio uti wa mgongo wa ukurasa huu. Mengine yote ni mbavu.

Kuihakikisha siku

Tarehe moja inaweza kuwa tatu, kutegemea nani anaihesabu. Kwa ukurasa wa pwani kuna mizani tatu za kupimia: kalenda ya mwezi, mpaka wa siku, na saa.

Mwezi kwanza. Oktoba 1940 ilikuwa Ramadhani ya 1359, na unaweza kulithibitisha bila kumtegemea mtu. Jua lilipatwa tarehe 1 Oktoba 1940, kupatwa kamili kulikopita Amerika ya Kusini hadi Afrika ya Kusini, saa za mchana. Jua halipatwi ila mwezi unapokuwa umefichika kabisa, kwa hiyo jioni ile hilali haikuweza kuonekana Malindi. Jioni ya kwanza ya kuutafuta ni tarehe 2. Ukiandama, mfungo ni Alhamisi tarehe 3, na Alhamisi ya bomu, wiki tatu kamili baadaye, ni tarehe 22 Ramadhani. Usipoandama, ni tarehe 21. Andika “21 au 22 Ramadhani 1359” na uache hivyo hivyo. Programu za simu zinazogeuza tarehe zitakupa namba moja bila kusita, lakini programu haikupanda paa kutazama mwezi. Kwa hesabu hiyo hiyo Idi iliangukia mwanzoni mwa Novemba, tarehe 1 hadi 3, na hili utalihitaji ukifika kwa wazee.

Mpaka wa siku ndio unaoharibu kazi zaidi. Kizungu siku inageuka saa sita usiku. Kwa hesabu ya wazee wa pwani siku inaanza jua likitua, na usiku unatangulia mchana wake. Bibi akikwambia “nimezaliwa usiku wa Ijumaa, usiku wa mwezi ishirini na tatu tumu” (tumu ni Ramadhani), kijana aliyesoma shule ataandika 25 Oktoba. Kosa. Usiku wa Ijumaa ndio ule uliofuata Alhamisi mchana, kwa hiyo tarehe ya kizungu, kama ni kabla ya saa sita, ni 24 Oktoba. Kinyume chake, aliyezaliwa “usiku wa Alhamisi” kabla ya saa sita ni wa Jumatano jioni, tarehe 23, na hana nafasi kwenye ukurasa wako hata umpende vipi. Uliza kila mara: “Usiku wa kuamkia siku gani, kabla ya saa sita au baada yake?” Swali hilo moja linamaliza utata.

Sasa saa. Kenya ya 1940 haikuwa mbele ya Greenwich, saa ya msingi ya dunia, kwa saa tatu kama leo. Ilikuwa saa mbili na dakika 45. Uingereza nayo mwaka ule haikurudisha saa zake nyuma majira ya baridi, ikabaki mbele ya Greenwich kwa saa moja, na Ujerumani pamoja na nchi ilizozikalia zilikuwa mbele kwa saa mbili. Matokeo yake ni haya: tukio la Harwich lililoandikwa baada ya saa nne na robo usiku kwa saa ya Uingereza, kwa saa ya Malindi limeshaingia tarehe 25. Tena rubani aliyetoka Ubelgiji na mlinzi wa pwani ya Uingereza wataandika dakika ile ile kwa tofauti ya saa nzima, na wote wawili wakweli. Fuata sheria moja: tarehe ni ya mahali tukio lilipotokea, na ukitaka kuonyesha saa, weka ya pale kisha ya Malindi. Usichanganye.

Kama chanzo chako ni cha Kiswahili, angalia pia saa imeandikwa kwa hesabu ipi. “Saa tisa” ya mzee ni 3:00 ya kizungu, ya mchana au ya usiku. Mtafsiri mmoja mvivu akiandika 9:00, kila atakayemnakili atarithi kosa.

Kukusanya matukio

Kila tukio lipe kadi yake. Juu andika mahali, chini yake tarehe na saa ya pale, katikati tukio kwa sentensi moja, na nyuma ya kadi umelipata wapi. Vyanzo viwe viwili ambavyo havikunakiliana. Mitandao kumi yenye sentensi ile ile ni chanzo kimoja kilichozaa. Kadi yenye chanzo kimoja ikunje kona, na yenye kona iliyokunjwa haiingii A3.

Kwa habari za Kenya, Nyaraka za Taifa ziko Nairobi, na Gazeti la Serikali la miaka ile linasomeka hata kwenye intaneti. Kwa magazeti ya wakati ule, hazina ya Trove ya Maktaba ya Taifa ya Australia ni ya bure, na magazeti ya Australia yalichapa taarifa za mashirika ya habari kutoka pande zote za dola ya Uingereza. Tafuta jina la mji pamoja na mwezi, na usome magazeti ya siku tano baada ya tukio, si ya siku yenyewe. Habari ya Alhamisi hutoka Ijumaa au Jumamosi, na wakati wa vita ilipita kwanza mkononi mwa mkaguzi, ambaye aliweza kuukata mji wenyewe ukabaki “mahali fulani pwani”. Hapo ndipo linapozaliwa kosa la kawaida kuliko yote: mtu anaona gazeti la tarehe 26, anaandika tukio ni la tarehe 26.

Idadi ya waliokufa, ya mabomu na ya ndege iache nje mpaka uwe na karatasi ya siku zile mkononi. Hadithi ya bomu hunenepa kila inaposimuliwa, na upande ulioshambulia nao una hesabu yake.

Ukichuja vizuri, matukio matano au sita yanatosha. Kwa siku yetu, mbali na Malindi na Harwich, liko la Montoire: Hitler alikutana na Marshal Pétain, kiongozi wa Ufaransa iliyoshindwa, kwenye stesheni ya reli ya mji huo mdogo wa Ufaransa, na picha yao wakipeana mikono ikaenea duniani. Angalia usilichanganye na la jana yake, tarehe 23, Hitler alipokutana na Franco, mtawala wa Hispania, huko Hendaye. Mawili hayo yanafuatana kama mguu na kiatu, na kurasa nyingi huyaweka siku moja.

Kisha tafuta angalau tukio moja lisilo na bunduki. Siku hiyo hiyo Marekani, ambayo ilikuwa bado haijaingia vitani, wiki ya kazi ya saa 40 ilianza kutumika chini ya sheria ya 1938: kazi iliyozidi saa hizo ililipwa zaidi. Kwa saa za New York sheria ilianza usiku wa manane, na Malindi ilikuwa saa mbili kasorobo asubuhi. Kadi kama hii inaupa ukurasa pumzi. Msomaji anakumbuka kwamba siku ya vita nayo ilikuwa siku, watu walikwenda kazini.

Lisiloingia ni lile la karibu karibu. Italia iliivamia Ugiriki tarehe 28, siku nne baadaye. Ni jambo kubwa na linashawishi, lakini si la siku hii. Likikuuma sana, chora ukanda mwembamba chini ya karatasi, uite “wiki ile”, na uliweke humo.

Waliozaliwa

Sehemu hii ina nusu mbili, na ya pili ndiyo yenye kazi.

Nusu ya kwanza ni watu wanaojulikana. Kwa 24 Oktoba 1940 unaye Yossi Sarid, aliyekuja kuwa waziri wa elimu wa Israel, na David Sainsbury, mfanyabiashara na mwanasiasa wa Uingereza. Wawili wanatosha, watatu kama umebahatika. Kishawishi kikubwa hapa kinaitwa Pelé. Watu watakwambia “si alizaliwa wiki hiyo?” Naam, tarehe 23 Oktoba 1940, Três Corações, Brazil, na hata hiyo ina mgogoro: cheti chake cha kuzaliwa kinasema 21, mwenyewe akishika 23. Kwa vyovyote si 24. Kama mfalme wa mpira ana tarehe mbili, ya mtu asiyejulikana ikague mara tatu.

Kosa la pili ni kumpambia mtoto vita. John Lennon, mwanamuziki wa Beatles, alizaliwa Liverpool 9 Oktoba 1940, na kwa miaka mingi iliandikwa kwamba alizaliwa mabomu yakianguka. Waliorudi kwenye magazeti ya mji ule walikuta usiku huo hakukuwa na shambulio Liverpool. Mji ulikuwa unapigwa siku zile, ndiyo, lakini si usiku ule. Ukitaka kuandika “alizaliwa ving'ora vikilia”, thibitisha king'ora peke yake na mtoto peke yake, kisha ndipo uwaunganishe.

Nusu ya pili ni waliozaliwa Malindi. Hawa wengi hawakuandikishwa popote, na tarehe iliyo kwenye kitambulisho mara nyingi ni ya kukadiriwa, iliyotolewa miaka mingi baadaye mezani kwa karani. Tarehe ya 1 Januari ishuku daima. Kwa hiyo usimwulize mzee “umezaliwa tarehe ngapi?”, maana atakutajia ile ya kitambulisho, na mazungumzo yamekwisha. Mwamkie, kaa, kunywa kahawa uliyokaribishwa, kisha pita nyuma ya nyumba:

“Shikamoo bibi.”
“Marahaba mwanangu.”
“Bibi, mamako alipokuzaa, watu walikuwa wamefunga au wameshafungua?”
“Walikuwa wamefunga. Idi imekuja mamangu yu ndani ya arubaini.”
“Na bomu, lilikuwa limeshapigwa?”

Tazama ulichopata kwa swali la kwanza tu. Amezaliwa ndani ya Ramadhani, basi ni kuanzia tarehe 3 Oktoba. Arubaini haijaisha kwenye Idi, na hilo linaafikiana. Jibu la swali la pili, la bomu, ndilo linaloukata mwezi vipande viwili. Endelea kupunguza: lilikuwa kumi la kwanza, la kati au la mwisho? Mama alizaa kabla ya futari au baada ya daku? Kama ni kumi la mwisho, ulikuwa usiku wa witri? Watu husahau tarehe, lakini usiku wa 21, 23, 25 na 27 hukeshwa, na kilichokeshwa hukumbukwa. Akisema mama alizaa “mfunguo mosi”, mwezi umeshapita, funga daftari kwa adabu na unywe kahawa yako.

Majira ya bahari nayo yanasaidia kwa waliotoka nyumba za wavuvi na manahodha. Mwisho wa Oktoba ni matlai, kusi imelegea na kaskazi haijakaza. Anayesema “majahazi ya Arabuni yalikuwa yameshaingia” anaelekea Desemba au baadaye, wala si Oktoba.

Majina ni dalili, si ushahidi. Mvulana wa Alhamisi ya Ramadhani angeweza kuitwa Khamis au Ramadhani, na ukimkuta mzee wa makamo hayo mwenye jina hilo moyo utaruka. Tulia. Huenda kapewa jina la babu yake. Kwa familia za Kigiriama kumbuka wiki yao ya asili ni ya siku nne, kwa hiyo jina kama Jumwa linakupa siku ya wiki hiyo, haliwezi kugeuzwa kuwa Alhamisi moja kwa moja. Chanzo bora kuliko vyote ni karatasi ya nyumbani: ukurasa wa mwanzo wa msahafu au kitabu cha dua ambamo baba aliandika mwezi na mwaka wa Hijra. Omba kuuona, usiombe kuuchukua. Mwaka ukiwa 1359, na mwezi ni Ramadhani, piga picha kwa idhini na urudi kwenye mizani yako.

Mtu aliye hai haandikwi jina lake ukutani mpaka akubali, na wanawe wajue. Asipokubali, andika “mtoto wa kike, mtaa wa Shela”, inatosha. Na yule ambaye umemfikisha kwenye wiki tu lakini si kwenye siku, mpeleke kwenye ule ukanda wa “wiki ile”, pamoja na Ugiriki. Hataona vibaya.

Kuandika na kupanga

Kila kipande kiwe na maneno 20 hadi 35, mahali pakitangulia. Kwa mfano:

“Malindi, Kenya. Alhamisi, 21 au 22 Ramadhani 1359, ndege za Italia zinaupiga mji kwa mabomu. Italia na Uingereza zina miezi minne na nusu vitani.”

“Harwich, Uingereza. Usiku wa kuamkia Ijumaa, ndege za Italia kutoka Ubelgiji zinaishambulia Uingereza kwa mara ya kwanza. Saa za huko ziko nyuma ya Malindi kwa saa moja na dakika 45.”

Weka hivi viwili kichwani, bega kwa bega, herufi kubwa kuliko vingine. Chini yake matukio mengine kwa mpangilio wa kutoka mashariki kwenda magharibi, maana saa hizo huzijui zote na ukijidai kuzipanga kwa dakika utadanganya. Waliozaliwa wawe safu ya kulia, wa Malindi juu, wa dunia chini. Herufi za pointi 16 zinasomeka kwa hatua mbili, na 12 zinamlazimu mzee avue miwani. Pande zote acha sentimita 3 za weupe.

Maneno yachunge. Andika “ndege za Italia”, usiandike “Waitaliano walitupiga”. Malindi ya leo ina Waitaliano wanaokaa, wanaojenga na wanaozikwa hapa, na ukurasa utasomwa na wajukuu wa pande zote.

Picha moja tu, kama ipo ya kweli. Picha za zamani za Malindi zinazozunguka kwenye simu nyingi ni za miaka ya hoteli, baada ya vita, zikiwa na maandishi ya kubuni. Mnara wa Vasco da Gama hauna msaada, umesimama kwenye kila picha ya kila zama. Tazama magari, nguzo za umeme, paa za makuti au mabati. Ukikosa picha, chora ramani ndogo: Malindi, Lamu, Kismayu, na mstari wa pwani unaoziunganisha. Inafanya kazi kubwa kuliko picha ya uongo.

Karatasi ipakwe plastiki kabla ya kupanda ukutani. Chumvi ya hewa ya hapa inailegeza karatasi tupu kwa wiki chache, na pini za chuma zinatoa kutu linaloshuka kama chozi mpaka kwenye maandishi. Tumia za plastiki au gundi ya pande mbili, ukuta usiopigwa na jua la asubuhi. Pembeni tundika daftari dogo na penseli iliyofungwa kamba: watakaokuja kusahihisha tarehe ndio wenye msahafu wa babu zao nyumbani.